Jinsi ya kulinganisha seti za RAM zenye kasi: kutoka dukani Luthuli hadi ndani ya mashine yako

Ukiulizia RAM (kumbukumbu ya muda) ya kompyuta ya mezani Luthuli Avenue, Nairobi, au kwenye maduka ya Bazaar Plaza pale Moi Avenue, jibu la kwanza utakalopewa ni namba: "Hii ni 3200, hii 3600, ile pale ni 6000." Muuzaji hadanganyi. Ila namba hiyo peke yake haikuambii seti ipi itaipa mashine yako kasi. Seti ya 4000 inaweza kuachwa nyuma na ya 3600 kwenye kompyuta ileile, na kijiti kimoja (kipande kimoja cha RAM) cha bei ghali hushindwa na viwili vya kawaida karibu kila mara.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulinganisha seti mbili au tatu kwa haki, nyumbani, bila vifaa vya maabara. Utahitaji flashi ya USB, kalamu na daftari, jioni chache zenye utulivu na, kwa stima yetu hii, UPS (betri ya kushikilia mashine stima ikipotea) kama unaweza kuazima.

Hatua ya 1: Anza na mashine, si na RAM

Andika jina la prosesa na la bodi mama. CPU-Z, programu ya bure, itakuonyesha yote mawili. Kwenye Linux, amri `sudo dmidecode --type 17` itakupa habari za kila kijiti, pamoja na kasi kinachoendea sasa hivi.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kizazi cha RAM. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini mkato wa chini hauko mahali pamoja, kwa hiyo moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. Zipo bodi za prosesa za Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14 zinazotumia DDR4 na nyingine DDR5, zikiwa na majina yanayokaribia kufanana kabisa, basi soma jina lote mpaka herufi ya mwisho. Bodi za AMD za soketi ya AM5 ni DDR5 tu.

Jambo la pili ndilo linalokula pesa za watu wengi hapa mjini: bodi nyingine haziruhusu RAM kwenda kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Chukua Core i5-10400 kwenye bodi ya H410. Hata ukiiwekea seti ya 3600, itakwenda 2666 na kuishia hapo. Bodi za H510 na H610 nazo hufungwa kwenye kasi rasmi ya prosesa. B560, B660 na B760 huachia. Upande wa AMD mambo ni rahisi zaidi, maana hata A520 ya bei ya chini hukuruhusu kupandisha kasi ya RAM.

Na zile mashine za mtumba za ex-UK, OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre? BIOS zake (programu ya bodi inayowasha mashine) kwa kawaida hazina sehemu ya kuwasha profaili ya kasi, yaani mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM. Ile yenye i5-7500, kwa mfano, mwisho wake ni DDR4-2400. Ukinunua seti ya 3600 yenye jaketi jekundu na taa, umenunua taa. Tena angalia umbo: zile ndogo kabisa zinazokaa nyuma ya skrini hutumia vijiti vifupi vya laptopu, si vya kompyuta ya mezani. Mwenye mashine ya namna hii anaweza kuruka hesabu zote zinazofuata. Atafute vijiti viwili vilivyofanana vya kasi ya kawaida na pesa zilizobaki aziweke kwenye diski ya SSD.

Hatua ya 2: Soma lebo, kisha piga hesabu

Lebo ya kijiti husema mengi kuliko boksi, ukijua kuisoma. Chukua ya Corsair iliyoandikwa CMK16GX4M2B3200C16. Hiyo 16G ni jumla ya gigabaiti, X4 ni DDR4, M2 ni vijiti viwili, 3200 ni kasi, na C16 ni CL16. Kingston huandika KF432C16BBK2/16: DDR4, kasi 3200, CL16, vijiti viwili vyenye jumla ya gigabaiti 16. G.Skill ni wazi zaidi: F5-6000J3038F16GX2 ni DDR5, kasi 6000, CL30, vijiti viwili vya gigabaiti 16 kila kimoja.

Kasi hiyo hupimwa kwa MT/s, yaani uhamishaji milioni kwa sekunde. Saa ya RAM yenyewe hupiga nusu yake, kwa sababu data huhamishwa mara mbili katika kila pigo. Ndiyo maana CPU-Z itaonyesha megahezi 1600 kwa RAM ya 3200. Usirudi dukani kugombana, hujaibiwa.

CL ni idadi ya mapigo ya saa ambayo RAM hungoja baada ya kuombwa data kabla ya kuanza kuitoa. Kwa kuwa pigo la saa ya kasi ni fupi, CL ya seti moja huwezi kuilinganisha na ya nyingine hivi hivi. Igeuze kwanza kuwa nanosekunde: zidisha CL kwa 2000, kisha gawa kwa kasi.

- DDR4-3200 CL22: 13.75
- DDR4-3200 CL16: 10
- DDR4-3600 CL18: 10
- DDR4-3600 CL16: 8.9
- DDR5-4800 CL40: 16.7
- DDR5-6000 CL36: 12
- DDR5-6000 CL30: 10

Tazama mstari wa pili, wa tatu na wa mwisho. Seti tatu za bei tofauti kabisa, na muda wa kusubiri ni uleule. Kinachozitenganisha ni mtiririko, yaani kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Hesabu yake: kasi zidisha kwa baiti 8, kisha zidisha kwa idadi ya chaneli, yaani njia za data kati ya prosesa na RAM. DDR4-3200 kwenye chaneli mbili ni gigabaiti 51.2 kwa sekunde. DDR5-6000 ni 96. Ni kama wauzaji wawili wa kioski wanaogeuka kwenye rafu kwa wepesi uleule, lakini mmoja anarudi na mikono imejaa karibu mara mbili ya mwenzake. Ukiwa unanunua kiberiti kimoja, hutaona tofauti.

Na kuna jambo ambalo watangazaji hawalitaji. Muda huo wa nanosekunde 10 ni kipande tu cha safari. Ukipima kutoka kwa prosesa hadi kwenye RAM na kurudi, utapata nanosekunde 60, 70, hata 90, kwa sababu ombi hupita kwenye kidhibiti cha kumbukumbu kilicho ndani ya prosesa. Basi kuokoa nanosekunde moja kwenye CL, kwa bei ya juu, ni kupunguza kidogo sana kwenye safari ndefu. Mimi nisingelipa zaidi kwa hilo peke yake.

Hatua ya 3: Dukani

Omba seti iliyofungwa pamoja, si kijiti kimoja leo na kingine mwisho wa mwezi. Vijiti viwili vyenye jina moja vinaweza kuwa na chipu za viwanda tofauti. Kwenye lebo ya Corsair kuna neno "ver" likifuatwa na namba: ikianza na 3 chipu ni za Micron, 4 ni Samsung, 5 ni SK Hynix. Ukiona ver 4.31 kwenye kimoja na ver 5.32 kwenye kingine, hiyo si seti, hata kama majaketi yanafanana.

RAM ya mtumba ina bei ya kuvutia, nami sina tatizo nayo, mradi muuzaji akubali kuichomeka kwenye mashine yake na kufungua CPU-Z mbele yako. Ukurasa wa SPD huonyesha kilichoandikwa ndani ya kijiti chenyewe: kampuni, ukubwa, kasi, namba ya bidhaa. Vikipishana na lebo ya nje, mshukuru na uendelee na safari. Kabla ya kulipa kwa M-Pesa, hakikisha siku za kurudisha zimeandikwa kwenye risiti. Ahadi ya mdomo hupotea na mhudumu aliyekuwa zamu siku hiyo.

Hatua ya 4: Kuchomeka

Nakili faili zako muhimu kwanza. RAM inayoyumba inaweza kuharibu faili kimyakimya, na hata Windows yenyewe.

Zima mashine, chomoa waya wa stima, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Kama bodi ina sloti nne na una vijiti viwili, kwa bodi nyingi sloti sahihi ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Kitabu cha bodi kitathibitisha. Ukivichomeka kwenye sloti mbili za chaneli moja, mashine itawaka vizuri tu, lakini mtiririko utakuwa nusu, na vipimo vyako vyote vitakuwa vya bure. Kwenye CPU-Z, ukurasa wa Memory, DDR4 iliyokaa sawasawa huonyesha 2 x 64-bit, na DDR5 huonyesha 4 x 32-bit.

Jihadhari na tamaa ya kujaza sloti zote nne kwenye DDR5. Kwa Ryzen 7000, kasi rasmi ya vijiti viwili ni 5200, na ya vijiti vinne ni 3600. Gigabaiti 32 za vijiti viwili ni bora kuliko gigabaiti 32 za vijiti vinne.

Ukiwasha DDR5 kwa mara ya kwanza, hasa kwenye AM5, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa. Bodi inajifunza RAM. Usikibonyeze kitufe cha kuzima kwa wasiwasi, na ndiyo maana nikasema UPS.

Hatua ya 5: Pima mara mbili, kabla na baada ya profaili

RAM mpya haiendi kwenye kasi ya boksi yenyewe. Huanza na kasi ya kawaida ya JEDEC (shirika la viwango vya RAM), ambayo kwa seti nyingi za DDR4 ni 2133, 2400 au 2666, na kwa DDR5 mara nyingi 4800. Kasi iliyotangazwa imo kwenye profaili, XMP kwa Intel na EXPO kwa AMD, na ni wewe unayeiwasha kwenye BIOS. Inapowashwa volteji nayo hupanda. DDR4 kwa kawaida hutoka 1.2 kwenda 1.35.

Andika matokeo ya hali zote mbili. Ya kwanza ndiyo msingi wako. Ukilinganisha seti A iliyowashwa profaili na seti B iliyosahauliwa kwenye 2133, umelinganisha mipangilio ya BIOS, hujalinganisha RAM.

Hatua ya 6: Uthabiti kabla ya kasi

Tengeneza flashi ya MemTest86+, programu ya kutafuta makosa ya RAM (toleo la 6 na kuendelea linaijua DDR5), washa mashine kwa flashi hiyo, iache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuiangusha seti. Hakuna "makosa machache tu" hapa. Ikikosea ikiwa na profaili, ijaribu bila profaili: ikipita, huenda kijiti ni kizima ila prosesa au bodi haiwezi kasi hiyo, ikikosea tena, irudishe dukani wakati risiti bado ina nguvu.

Joto nalo limo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ya Mombasa, ingawa baridi yetu ya Julai hufidia. Ukipima seti moja asubuhi ya Julai na nyingine mchana wa Februari kwenye kasha lisilo na feni ya mbele, huenda ukawa umepima majira. Zipime siku moja, chumba kimoja, kasha likiwa limefungwa vilevile.

Hatua ya 7: Kupima kwenyewe

Sheria ni moja: badilisha RAM, usibadilishe kingine chochote. Toleo la BIOS liwe lilelile, sasisho za Windows zisitishwe, kivinjari kifungwe, programu ya kupambana na virusi isiwe katikati ya ukaguzi wake. Baada ya kuwasha, iache mashine dakika kumi itulie. Kila kipimo kirudie mara tano, tupa cha kwanza, na katika vilivyobaki andika cha juu, cha chini na wastani.

Anza na vipimo vya RAM tupu. Intel hutoa bure programu ya Memory Latency Checker, inayotumia mistari ya amri na inahitaji ruhusa za msimamizi. Itakupa muda wa kusubiri na mtiririko. AIDA64 ina ukurasa mzuri zaidi kwa macho, ila toleo la majaribio huficha baadhi ya namba. Vipimo hivi vitaonyesha tofauti kubwa za kupendeza. Usivishangilie. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba RAM inafanya kile hesabu ya Hatua ya 2 ilichosema.

Kisha 7-Zip. Fungua Tools, halafu Benchmark. Hiki ni kipimo ninachokipenda kwa sababu ni cha bure, kifupi, na kina pande mbili zenye tabia tofauti: kubana faili hutegemea sana muda wa kusubiri wa RAM, huku kufungua hutegemea zaidi prosesa. Ukiona kubana kumepanda na kufungua kumebaki palepale, basi kweli ni RAM iliyoleta tofauti. Vikipanda vyote kwa pamoja, shuku kuna kitu kingine ulichobadilisha, pengine halijoto au mpangilio wa umeme wa Windows. Cinebench, kipimo cha prosesa ambacho mafundi wengi hukikimbilia, iache. RAM haiigusi sana.

Mwisho na muhimu kuliko vyote ni kazi yako mwenyewe. Kama unahariri video za harusi, chukua mradi mmoja wa dakika chache na upime muda wa kuutoa (export). Kama ni michezo, chagua yenye kipimo chake cha ndani, kama GTA V, ili kila mzunguko upite njia ileile. Mwenye kadi ya grafiki ashushe ubora wa picha kwa ajili ya jaribio hili, la sivyo kadi ndiyo itakayokuwa kizuizi na seti zote zitatoka sare. Pamoja na wastani wa fremu kwa sekunde, tazama zile asilimia 1 za chini, yaani kasi ya fremu zilizochelewa zaidi. Programu ya CapFrameX huzirekodi bure. Mara nyingi RAM nzuri haiongezi sana wastani, ila huondoa ile mikwamo midogo inayokuudhi ukiwa kwenye kona.

Ukitumia grafiki iliyo ndani ya prosesa, kama Ryzen 5 5600G ambayo wengi hujengea kompyuta zao hapa kwa kukwepa bei ya kadi, basi RAM kwako ni nusu ya kadi ya grafiki. Prosesa hiyo haina kumbukumbu nyingine ya picha. Inakula kwenye mtiririko uleule. Hapa kutoka kijiti kimoja kwenda viwili ni badiliko utakaloliona kwa macho bila programu yoyote, na kutoka 2400 kwenda 3200 au 3600 nako huonekana. Kinyume chake ni prosesa za AMD za X3D. Ryzen 7 7800X3D ina megabaiti 96 za kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa), kwa hiyo huiendea RAM mara chache zaidi, na mwenye nayo hana haja ya kukesha akitafuta CL30.

Hatua ya 8: Kusoma matokeo bila kujidanganya

Linganisha tofauti ya seti mbili na mtawanyiko wa seti moja. Tuseme mizunguko ya seti A inapishana kwa fremu 4 kati ya wa juu na wa chini, na wastani wa seti B umezidi wa A kwa fremu 2. Hapo B haijashinda. Ni sare, na kwenye sare chukua ya bei nafuu.

Ikiwa seti ya kasi zaidi imeshindwa, usidhani ni feki. Kwenye Ryzen 5000, kidhibiti cha kumbukumbu hutembea sambamba na RAM hadi karibu 3600 au 3800. Ukipita hapo bodi kwa kawaida hukishusha hadi nusu, na muda wa kusubiri unapanda. Ndivyo seti ya 4000 inavyopigwa na ya 3600. AM5 ina tabia hiyohiyo juu ya 6000 au 6400 hivi, ndiyo maana DDR5-6000 CL30 imekuwa chaguo la wengi na 7200 kwenye bodi hizo mara nyingi ni pesa za maonyesho. Kwa Intel, tafuta kwenye BIOS neno Gear (Gear 1 kidhibiti huenda sambamba na RAM, Gear 2 huenda nusu): DDR4 ikiwa Gear 1 huwa na muda mfupi wa kusubiri kuliko Gear 2. Mara nyingine kushusha kasi hatua moja ili kubaki Gear 1 huleta ushindi.

Ukishachagua, piga picha ya kurasa za BIOS zenye mipangilio yako na uihifadhi kwenye simu. Kusasisha BIOS mara nyingi huzima profaili, na betri ya bodi ikiisha hufanya vivyo hivyo kila stima inapopotea. Kila baada ya mojawapo ya hayo, fungua CPU-Z uone kama bado uko kwenye kasi uliyoilipia.